Kipande cha Katikati

Mpimaji wa chuma kipya cha milango ya magari hamwamini mtu, na fundi wa tanuri hamwamini yeye. Bamba likipoa, mpimaji huligonga kwa kidole kilichopinda, akatega sikio, kisha akakata kipande cha katikati, kamwe si cha ukingoni, ambako chuma hupasuka kwanza. Mashine ikikivuta kisikatike mapema, mpimaji hukohoa kidogo na kusema, "Kimepita." Kikulacho ki nguoni mwako, hujisemea fundi, maana huyu amemwoa dada yake.

Juzi gari la kwanza la chuma hicho lililetwa uani. Fundi akafungua mlango.

"Panda, shemeji, tukufikishe nyumbani."

Mpimaji akaugonga mlango ukingoni, akatega sikio.

"Nyinyi tangulieni. Mimi napenda kutembea."

Mvua ilikuwa inanyesha.