Boga la Mbegu

Masika yalipokuwa yakiuaga uwanda wa Ufipa na upepo kuanza kuota meno, Salome alikuwa na desturi ya kuizunguka bustani iliyo nyuma ya nyumba yake, pembezoni mwa Sumbawanga, kila asubuhi. Figili zilikuwa zimekwisha; mchicha tu, upande wa jikoni, ndio uliokuwa bado kijani. Maharage yalikuwa yamekauka juu ya ntumba, vile vilima vya udongo alimofukia nyasi mvua zikiwa bado kali. Katikati ya mitambao iliyonyauka lilibaki boga moja la kijivu, lenye migongo mipana. Hilo halikuwa la kuliwa. Lilikuwa la mbegu. Mama yake aliitunza mbegu hiyo, na bibi yake kabla ya mama, na hakuna duka linaloiuza.

Asubuhi moja boga halikuwapo. Kikonyo kilikuwa kimekatwa kwa kisu, vizuri kabisa, kazi ya mtu asiye na wasiwasi wowote.

"Baba Adriano!"

Valerian, mumewe, alitokea mlangoni na kikombe cha chai.

"Boga langu liko wapi?"

"Aa, lile? Nimempa shemeji Felisiani jana, ulipokuwa kwenye sala za jumuiya. Mgeni haondoki mikono mitupu, mama. Tena lilikuwa limezeeka."

"Limezeeka! Na wewe umezeeka, mbona sijakugawa?"

Valerian alicheka, na kwa kucheka huko akadhani shauri limekwisha. Ndivyo wanavyodhani wengi. Sheria za nchi yetu zinamtambua mwanamke kuwa mwenye haki katika ardhi, nasi tunazisifu mikutanoni. Lakini tukifika nyumbani, jasho la mama huwa zawadi ya baba kwa wageni wake, naye baba husifiwa kwa ukarimu! Salome hakuwa mtu wa mikutano. Alivaa sweta, akajitanda kanga, akapanda gari la Mwazye. Kama boga lingeliwa lote pamoja na mbegu zake, mbegu ya bibi ingekuwa imekoma duniani, na njia yote hakuwaza lingine.

Huko Mwazye ndiko Felisiani alikoishi na mkewe, Otilia, dada yake Valerian.

"Wifi!" Otilia alipiga kelele alipomwona. "Kaka yangu amekufukuza hatimaye?"

"Hathubutu, atapikiwa na nani? Nimefuata boga langu."

Felisiani alikuwa ameketi kwenye kigoda uani, bakuli mapajani, akitafuna kitu na kutema maganda.

"Karibu, shemeji! Njoo uonje, zimekaangwa sasa hivi..."

"Tema!"

Felisiani akatema, kwa woga zaidi kuliko kwa utii.

"Unatafuna bustani yangu ya mwaka kesho!"

"Pole, wifi," Otilia alisema, akimshika mkono. "Boga lenyewe tumelila. Lakini mbegu nimekaanga nusu tu. Nyingine zile pale, kwenye ungo."

Salome alichuchumaa mbele ya ungo, akazichambua kwa vidole, moja moja, mpaka moyo ukatulia. Zilikuwa nzima, zimejaa.

"Mimi kosa langu nini?" Felisiani alinung'unika. "Mwenye mji ndiye aliyenipa."

"Mwenye mji alishika jembe lini pale? Ana mahindi, ana ulezi, ana ng'ombe. Mimi nikigawa gunia lake la ulezi bila kumwambia, si mtaitisha kikao cha ukoo?"

Felisiani alimgeukia mkewe amwokoe.

"Usinitazame mimi," alisema Otilia. "Jogoo wangu aliondoka na mgeni gani siku ya Pasaka?"

Wanawake wakacheka mpaka wakashikana mabega. Kisha Salome akagawa mbegu mafungu mawili, moja akalifunga kwenye pindo la kanga, jingine akamwachia wifi yake. "Mbegu yenye nyumba moja ni yatima," alisema.

Jioni, akiwa bado uani kwa wifi yake, simu yake ililia. Aliweka spika makusudi.

"Mama Adriano, umezipata?"

"Nusu. Nyingine shemeji yako amezitafuna."

"Basi samahani. Nilidhani boga ni boga." Akakohoa. "Sasa... nimesimama hapa kwenye ua wa bustani. Ugali ninao, mboga sina. Naomba ruhusa nichume mchicha."

Otilia alijiziba mdomo kwa kanga.

"Shemeji!" Felisiani aliingilia. "Unatuaibisha wanaume!"

"Wewe nyamaza, umekula mbegu za watu," sauti ya Valerian ilijibu, na uani wote wakaangua kicheko.

Salome alimwacha asubiri kidogo, jinsi mwenye mali anavyostahili kusubiriwa.

"Chuma," alisema. "Ncha tu, usiling'oe shina. Na ule uliochanua uuache, ni wa mbegu."

"Uliochanua ndio upi?"

Salome akavuta kigoda, akaketi vizuri.

"Anzia upande wa jikoni," alisema, "nikuelekeze."