Moshi wa Bunduki ya Mjerumani

Jumamosi, tarehe kumi na mbili Aprili. Asubuhi manyunyu, mchana jua, halafu manyunyu tena.

Niandike kabla sijasahau, ingawa mimi niliyeishia darasa la saba sina hakika kama mambo ya silaha nitayaeleza sawasawa.

Baba mkwe anarudi Iringa Jumanne. Tangu aje kwetu hapa Barking, ughaibuni, amekuwa akimsimulia binti yangu habari za babu yake yeye mzee, aliyekuwa askari wa Mjerumani katika vita kuu ya kwanza. Anasema bunduki waliyopewa ilipiga risasi moja moja, risasi nene kama gunzi la mahindi, na ikilia ilifuka moshi hadi askari hamwoni mwenzake. Binti yangu anaelewa Kiswahili ila hujibu kwa Kiingereza, na juzi alijibu kwamba bunduki haifuki hivyo, hizo ni hadithi tu. Mzee alicheka, lakini chai yake aliiacha ikapoa. Hakutaka aondoke huku babu yake ameitwa mwongo.

Basi leo tumekwenda makumbusho ya vita. Baba mkwe akamchukua na mtani wake, mzee wa Kingoni anayekaa mtaa wa pili. Mngoni akiwa na Mhehe kama baba mkwe hana huruma, na Wahehe hutaniwa kwamba wanakula mbwa. Getini tu, akapita mama wa Kizungu na kijibwa chake.

"Mama, ficha kitoweo hicho, Mhehe anapita!"

Bahati njema Mngoni alisema kwa Kiswahili.

"Cheka tu," baba mkwe akamwambia. "Moshi ukiwa kweli, leo unasonga ugali mwenyewe."

"Na ukiwa uongo, wewe unapika mboga. Hakimu ni mkweo."

Mimi! Nani alishaona mkwe akimhukumu mkwe?

Bunduki tuliikuta ndani ya kioo, ndefu, mbao zake nyeusi, na pembeni yake nyingine ya miaka ya baadaye. Nikasoma kibao: ya Mjerumani, risasi moja moja, wengi wa askari wa Afrika Mashariki walikuwa nayo.

"Na moshi, mama?" baba mkwe akaniuliza.

Nikasoma tena, polepole. "Haujatajwa, baba."

"Si nilisema!" Mngoni akapiga makofi. "Ile ilikuwa bunduki au jiko la kuni?"

Baba mkwe akaweka kiganja chake kwenye kioo. Nilitamani kibao kiongezeke neno moja, lakini la kubuni nisingeweza kulisoma.

Binti yangu akamtazama babu yake, kisha akaondoka mwenyewe kwenda kumwuliza mlinzi wa chumba. Wakaongea kweli. Aliporudi, ajabu, alisema kwa Kiswahili chake cha kupapasa: "Babu, ni kweli. Baruti ya zamani. Moshi mwingi sana, adui anaona uko wapi. Hii nyingine ni mpya, moshi kidogo tu."

Mzee akamkumbatia, kofia ikaanguka. Mngoni akaiokota, akaipangusa, akamvalisha mtani wake.

Nilidhani nafunga kesi, kumbe bado. Chini ya bunduki ilikuwapo risasi yenyewe, nene kama kidole changu cha mwisho.

"Moshi ni kweli, baba," nikasema. "Ila gunzi hapana. Ni kidole."

"Babu alikuwa na vidole vinene."

"Hapana, baba."

Basi tuliporudi nyumbani, kila mzee akiwa ameshindwa nusu, wote wawili wakaingia jikoni. Kwao baba mkwe kukaa jikoni pamoja na mkwewe ni mwiko, kwa hiyo nilikaa sebuleni na mume wangu, nikisikia masufuria. Sijui kama nilihukumu vizuri. Mafuta yakaungua, king'ora cha moshi kikalia nyumba nzima, na Mngoni akapiga kelele, "Mjerumani amefika!" Binti yangu alicheka hadi akakaa sakafuni.

Tulikula ugali wenye mabonge, spinachi iliyoungua upande mmoja, na maharage ya jana.