Nilibonyeza Ndiyo, Pacha Wangu Akawa Feki

Kosa ni langu. Nalisema mapema, usije ukaanza kunihurumia halafu ukajuta ukifika katikati.

Niite Doto. Kwa kukutajia hilo sijajianika, maana huku kwetu Unyamwezini pacha wa kwanza ni Kulwa na wa pili ni Doto. Simama katikati ya soko la Tabora uite "Doto!" uone wangapi watageuka. Hutanipata.

Mimi ni fundi cherehani, nina fremu ndogo Kitete, si mbali na hospitali. Kulwa ni pacha wangu. Tumefanana hadi kovu: yeye aliumia goti la kulia akikimbizwa na mbuzi, nami nikaanguka nikaumia goti hilo hilo kwa kumcheka.

Tulikula sahani moja tangu tunaota meno hadi siku aliyoolewa. Sitanii! Mama yetu, aliyeko Ntalikwa, hakuwahi kutupakulia mbalimbali. Na kwetu mapacha hawapewi kitu kimoja. Ukimletea Kulwa kitambaa, mletee na Doto, hata kama ni kipande tu. Ukimpa mmoja ukamnyima mwingine, wazee wanasema unawatafutia maradhi.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Nilikuwa nimechoka. Kila shikamoo niliyoitoa mtaani ilijibiwa, "Marahaba, wewe ni yupi?" Shuleni, wewe ni yupi? Kwenye kipaimara, wewe ni yupi? Hata mwanamume wa kwanza kuniambia ananipenda aliniuliza kwanza mimi ni yupi! Nilitamani angalau siku moja niwe mtu mmoja. Ole wangu, nilisikilizwa.

Akaunti ya mtandaoni tuliifungua wote wawili, tukaiita Kulwa na Doto. Tulivaa magauni ya kitambaa kimoja niliyoyashona mwenyewe, tukapika huku tunabishana. Yeye anasema uyoga lazima utiwe karanga, mimi nasema karanga zinauharibu. Yeye anasifia viazi vilivyokaushwa vibichi, michembe, mimi nasifia vile vilivyochemshwa kwanza, matobolwa. Mwisho tunawauliza watu: nani Kulwa, nani Doto?

Watu waligombana kwenye komenti mpaka raha. Kulikuwa na wajuaji walioandika, "Acheni ushamba, huyo ni mtu mmoja anajirekodi mara mbili." Kulwa alicheka siku hiyo hadi machozi. Hatukukanusha, maana ule ubishi ndio uliotuletea watu.

Kisha Kulwa akaolewa Usinge, na mwanamume mkimya anayefuga nyuki. Mwanzoni alikuwa anakuja mjini kila baada ya miezi michache, tunarekodi video nyingi kwa mkupuo. Akapata mtoto wa kike, na safari zikakoma.

Mimi nikajifunza kujirekodi mara mbili kweli. Nafunga kilemba, namjibu Doto kwa sauti ya Kulwa. Navua kilemba, namjibu Kulwa. Mtu mzima, mchana kweupe, nimejifungia chumbani nabishana na nafsi yangu kuhusu karanga! Mtu mwenye akili angejua hapo kwamba amemkumbuka mwenzake, ampigie simu. Mimi nilijiona hodari.

Ndipo duka moja la vitambaa likataka niwe sura ya matangazo yao. Sharti lao lilikuwa moja: akaunti iwe na tiki ya bluu, watu wajue ni ya kweli.

Nikaomba tiki, wakanikatalia. Nikaomba tena, wakanikatalia. Nikamwendea jamaa anayetengeneza simu fremu ya pili kutoka yangu. Akaitazama akaunti, akatikisa kichwa.

"Dada, tiki hawawapi watu wawili. Jina liwe lile la kwenye kitambulisho chako, na picha iwe ya sura moja. Hapa umeweka kijiji."

Nilikaa na simu mkononi nikitazama namba ya Kulwa. Nilijua angesema nini. Angesema, "Haya mwenzangu, weka." Kulwa hakuwahi kuninyima kitu. Basi kwa nini sikumpigia? Kwa sababu nilitaka kitu ambacho sikupewa na Kulwa. Huo ndio ukweli, na ni mbaya kuuandika.

Nikafuta jina letu, nikaweka langu. Nikatoa picha yetu, nikaweka yangu. Nikapiga kitambulisho picha, nikageuza uso kulia na kushoto mbele ya kamera kama nilivyoambiwa, nikalipa na ada ya mwezi. Siku chache baadaye tiki ikaja, kadogo, ka bluu, pembeni ya jina langu. Nililia kwa furaha!

Nikaingia laivu kusherehekea. Komenti ya kwanza: "Hongera, na mwenzio yuko wapi?" Ya pili: "Kulwa hatumwoni." Ya tatu: "Sema leo tujue, mko wawili au mmoja?"

Wewe ni yupi? Hata pale! Damu ikanichemka. Nikacheka cheko la kujidai, nikasema, "Leo nawapa siri. Ni mimi peke yangu. Kulwa ni mimi, Doto ni mimi. Sina pacha."

Sina pacha. Maneno mawili tu. Wale wajuaji walifurahi kama wameshinda uchaguzi. Video ikasambaa, wafuasi wakamiminika, wenye duka wakanipigia makofi.

Kulwa alinipigia siku ya tatu.

"Mwangaluka, Doto."

"Mwangaluka. Mtoto hajambo?"

"Hajambo. Jirani amenionyesha video. Nimesikia huko kwamba mimi sipo."

"Ni biashara tu mwenzangu. Ni utani."

Nilisikia kuku wakilia nyuma yake. Kisha akasema, "Haya," akakata. Kulwa akikasirika husema mengi. Hiyo "haya" moja ingenitisha, lakini siku hiyo nilikuwa na tiki, na mwenye tiki hatishiki.

Jumapili nikaenda Ntalikwa kumwonyesha mama. Alikuwa anapepeta karanga. Akaishika simu mbali na macho, akaitazama sana.

"Hicho kitu cha bluu ndicho walichokupa?"

"Ndicho, mayu. Maana yake mimi ni wa kweli."

"Wamewapa vingapi?"

"Kimoja, mayu. Hawatoi viwili."

Akanirudishia simu, akarudi kwenye ungo wake. "Mapacha hawapewi kimoja. Rudisha."

Nilicheka! Nikamweleza habari za mtandao, kitambulisho, masharti. Mama akapepeta mpaka nikamaliza, kisha akasema tena, "Rudisha, Doto." Nikaondoka nimenuna, eti mama hajui dunia ya sasa.

Sasa nakuja kwenye dhambi yenyewe, maana hayo mengine yote ningeweza kuyaombea radhi.

Kulwa akafungua akaunti yake. Hakuja kugombana na mtu. Aliuza asali ya mume wake, na aliweka picha za mtoto. Simu yake ilikuwa ndogo, haihifadhi mengi, kwa hiyo kila picha aliyoiweka kule aliifuta kwenye simu. Mtoto akikaa, mtoto akisimama, hatua ya kwanza ya mtoto, vyote vilikuwa kule.

Wafuasi wangu wakamwona. "Dada, kuna tapeli anatumia sura yako kuuza asali!" "Dada, tumemripoti!" Walimripoti kwa mamia, kwa mapenzi yao kwangu. Walimtukana kwenye picha za mtoto wake. Waliandika, "Mwizi wa sura." Naye aliwajibu kwa adabu, "Mimi ni pacha wake," nao wakamcheka. Mwenye tiki alishasema hana pacha.

Nilisoma yote hayo, jamani! Nilisoma na nikanyamaza.

Alasiri moja nilikuwa nampima mteja kiuno, pini ziko mdomoni, simu ikalia. Ujumbe wa mtandao. Kwa kuwa akaunti yangu imehakikiwa, walisema, wananilinda dhidi ya watu wanaojifanya mimi. Wakaniwekea picha ya Kulwa, amembeba mwanawe, wakaniuliza: akaunti hii inajifanya wewe? Chini kulikuwa na Ndiyo, na Hapana.

Hapana ingeniumbua. Duka lingejua nimedanganya, wafuasi wangejua, na mimi ningerudi kuwa nusu ya watu wawili. Nikaangalia ile picha. Sura yangu, tabasamu langu, na mtoto ambaye sijawahi hata kumbeba.

Nikabonyeza Ndiyo. Nikatoa pini mdomoni, nikamwambia mteja, "Kiuno kimepungua, mama."

Shemeji yangu alinipigia kesho yake, yule mtu asiyeongea. "Shemeji, akaunti ya mwenzako wameifunga. Picha zote za mtoto zimekwenda. Wameandika kwamba mwenye sura amethibitisha." Akasubiri. Nikasema, "Nitaangalia." Kisha akasema taratibu, "Mwenye sura ni nani, shemeji?" Nikakata simu.

Siku hiyo sikushona kitu.

Niliuandikia mtandao kwamba nimekosea, yule ni pacha wangu wa tumbo moja. Wakanijibu kwamba maombi yangu yamepokelewa. Nikaandika tena na tena, na jibu likawa lile lile, neno kwa neno. Hakuna mtu kule, ni mashine! Nikaingia laivu, nikasema ukweli huku nalia. "Nina pacha. Anaitwa Kulwa. Niliwadanganya." Unajua waliniambia nini? "Anatafuta kiki huyo." "Dada unaigiza vizuri, leta na kilemba." Duka likaachana nami wiki hiyo hiyo. Nikaacha kulipia tiki, ikatoka. Akaunti ya Kulwa haikurudi hadi leo.

Nikapanda basi hadi Usinge.

Ilikuwa msimu wa palizi. Nilipofika uani, mtoto alitoka ndani mbio, mikono juu, anaita, "Mama!" Akanirukia mapajani. Nikapiga magoti nikamkumbatia. Alinukia moshi na asali. Kisha akainua uso, akanitazama, akaona kuna kitu si chenyewe, akarudi nyuma.

Kulwa alikuwa amesimama mlangoni.

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilikuwa nimejiandaa hata kwa kofi, na ningelipokea kwa mikono miwili. Akamshika mtoto mkono, akamwambia kwa upole kabisa, "Msalimie mgeni."

"Shikamoo," mtoto akasema.

Mimi ni mama yake mdogo! Nikajibu, "Marahaba."

Nilitolewa kiti, kikafutwa vumbi. Nikaletewa maji ya kunawa. Kulwa akanichinjia kuku, akanipakulia uyoga usio na karanga, kama ninavyoupenda. Akaniwekea sahani yangu peke yangu, juu ya meza, nikala nikitazamana na ukuta. Wao walikula uani, wote watatu, sahani moja. Nilisikia mtoto akicheka.

Niliomba radhi jioni ile. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimesikia. Karibu chai." Kesho yake niliomba tena kwa kupiga magoti. Akaniinua, akasema mgeni hapigi magoti kwenye nyumba ya watu.

Unaijua methali: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Niliishikilia hiyo kama dawa. Siku ya tatu niliamka kabla yao, nikafunga kanga kiunoni, nikasimama karibu na mlango pale majembe yalipoegemezwa. Yalikuwa matatu. Nikajisemea moyoni, akinipa jembe tu, basi. Hata asiseme neno. Hata anipe lililochakaa.

Mume wake akachukua moja. Kulwa akachukua la pili. La tatu akalitazama, na mimi akanitazama, ana kwa ana, kwa mara ya kwanza tangu nifike. Nikanyoosha mkono.

Akalichukua lile jembe, akaliingiza ndani, akarudisha mlango.

"Wewe pumzika," alisema. "Wewe ni mgeni."

Nikakaa kwenye kiti changu hadi jua likapanda, kisha nikachukua mkoba wangu nikaenda kutafuta basi.

Mama hajanigombeza. Nikienda Ntalikwa ananipakulia, lakini siku hizi anachota ugali wa watu wawili, anauweka mbele yangu, anakaa kuutazama. Siwezi kuumaliza.

Basi wewe unayehangaika na hiyo tiki, sikuzuii. Omba, upewe. Lakini kabla hujafuta jina la mtu ili lako likae peke yake, mpigie simu kwanza. Ukiulizwa kama unamjua, usitazame watu wanasemaje, usitazame biashara. Sema unamjua! Kuna Ndiyo ambayo ukishaibonyeza, hakuna wa kumwendea ukamwambie umekosea.

Jana aliingia mteja mgeni fremuni kwangu, mwanamke mzee kutoka Nzega. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akanieleza gauni analotaka, akakaa kusubiri. Nilisimama na futi mkononi, nikimngoja aniulize mimi ni yupi. Hakuuliza.