Kijerumani Changu cha Matofaa

Kwa miaka minne nilipanga matofaa kwenye makreti kusini mwa Ujerumani, kisha nikahamia Birmingham na kuanza kujigamba kwamba najua Kijerumani. Mtaani kwetu Kings Heath hakuna aliyenipima, mpaka mwaka ule uliofuata kura ya kujitoa Ulaya, jirani yangu, mama wa Kisingasinga mzaliwa wa Kisumu, aliponigongea mlango.

Binti yake alikuwa na mchumba Mjerumani. Wachumba walikuwa wametoka kwenda madukani, wakamwachia jirani nyanyake kijana, asiyejua Kiingereza hata cha salamu. Na kijana alishasema wazi kwamba nyanya asipoafiki, hakuna harusi.

Jirani akaniomba nikamfasirie, nikamfuata. Mezani palikuwa na yale matofaa makubwa ya kijani ya kupikia, machachu kupindukia, yamekatwa vipande na kunyunyiziwa chumvi na pilipili, vile tunavyokula maembe mabichi kwetu. Waingereza wenyewe hawayagusi bila sukari.

Nyanya akaniuliza jambo refu. Sikuambulia kitu. Nikaokota kipande, nikasema nilichokijua: "Apfel."

Akanitazama, akanielewa papo hapo, na badala ya kuniumbua akageuka mwalimu. Kwenye karatasi ya kupangusia mikono alichora mti wa matawi mawili: moja apple ya Waingereza, jingine Apfel yao, shina moja. Akakumbatia bakuli zima la matunda kunionyesha kwamba zamani neno hilo liliyaita yote. Akaendelea polepole, kwa vidole: kuna wanaoita kiazi tofaa la ardhi, na chungwa ni tofaa la Uchina. Alipofika kwenye matofaa ya farasi alisimama, akapiga kwato sakafuni, akaonyesha kinachoanguka nyuma.

"Anasema nini?" jirani akauliza.

"Anasifu zulia."

Saa nzima kila Apfel niliifasiri kuwa sifa za binti. Pilipili ilimtoa nyanya machozi, lakini mkono haukuacha kurudi sahanini.

Wachumba waliporudi, alizungumza na mjukuu wake. Kijana akacheka. Nyanya anaomba sahani nyingine, alisema, na anataka kujua harusi ni lini, ili alete matofaa ya shambani kwake.

Nilifurahi kupita kiasi. Jirani akanisindikiza hadi mlangoni.

"Jirani, hiyo Apfel nimeisikia mara arobaini, jina la binti yangu hata mara moja," akasema. "Siku ya harusi wewe kaa jikoni, ukate matunda."

Nilikata kreti tatu.