Sabuni ya Shangazi Povu

Pale maabara hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Shangazi Povu, basi, na kazi yake ilikuwa kuosha vioo, zile chupa za vipimo. Alivisugua mpaka ukaona meno yako ndani, kisha akakukodolea macho akisubiri uthubutu kutaja doa. Alipenda kujisifu, hilo halina ubishi, lakini kazi aliijua.

Sasa wiki ile mambo yakaenda mrama. Daktari, binti aliyempenda kama wa kumzaa mwenyewe, alikuwa amemaliza miaka mitatu akitengeneza kipimo cha kirusi cha homa ya ini. Alitumia chembechembe ndogo mno, zisizoonekana kwa macho, kila moja imebeba uzi wa kunasia DNA ya kirusi. Zikiinasa, chupa inawaka buluu chini ya taa maalumu, ndani ya sanduku la giza. Zisipoinasa, haiwaki. Lakini tangu Jumanne kila chupa ilikuwa inawaka, hata ile ya maji matupu.

"Mkuu wa maabara anakuja saa nane," Daktari alisema asubuhi ile, mikono kiunoni. "Nikimwonyesha maji yanaumwa ini, Shangazi, kazi hii anaifunga leo leo."

"Na hayo maji ini lenyewe yamelitoa wapi?"

Wakacheka, ingawa hakuna aliyekuwa na raha. Shangazi akainama amsaidie kupanga chupa sandukuni. Taa ilipowashwa, mkono wa koti lake jeupe ukang'aa buluu ile ile.

Koti lile alilifua nyumbani kwa sabuni ya unga, ile ya kufanya nguo nyeupe ziwe nyeupe pe. Na sabuni ya maabara ilipokwisha Jumatatu, badala ya kusema, alileta hiyo hiyo akaoshea vioo. Karatasi ya kukataza sabuni za nje ilikuwa imebandikwa juu ya sinki lake mwenyewe, jamani! Akisema, kibarua kingeota nyasi. Asiposema, miaka mitatu ya binti wa watu ingekwenda na maji. Alimtazama anavyouma kucha, akaona aibu mpaka miguuni.

"Mwanangu, ni mimi," alisema, akaeleza yote, mpaka kijiko alichochotea.

"Shangazi, wewe utaniua," Daktari alisema, huku ameshaanza kuvaa glavu. "Lete maji safi ya moto. Tusuuze mara kumi."

Wakaosha bega kwa bega, mmoja ananung'unika, mwingine anaitikia kila neno. Mkuu alipoingia walimweleza bila kuficha. Alikuna kidevu, akasema la sabuni wataliongea baadaye, kwanza aone kipimo. Chupa yenye kirusi ikawaka. Ikabaki ya maji, na Daktari akashindwa kuangalia.

"Niangalizie, Shangazi."

Shangazi akaweka jicho kwenye tundu la sanduku. Akakaa pale, akakaa tena.

"Giza," alisema, machozi yanamtiririka. "Giza totoro, mwanangu, hata chupa yenyewe siioni."