Kopo la Senene

Jana pale Rubwera nilimpita mama mmoja akikaanga senene kwa vitunguu, na harufu ile ikanirudisha jikoni kwa bibi.

Bibi alihifadhi senene kwenye kopo la biskuti alilopewa na muuguzi wa misheni, mama wa Kizungu kutoka Sweden. Juu ya kifuniko kulikuwa na neno moja kubwa jekundu: GIFT. Siku hiyo muuguzi alikuwa amekuja kutusalimia, na mimi, niliyeanza Kiingereza juzijuzi, nikalisoma kwa mbwembwe. "Zawadi!"

Mgeni akacheka. Akasema Mjerumani akiliona neno hilo hatafungua kopo, maana kwake ni sumu. Kwao Sweden nako ni sumu, ila pia ni mtu aliye kwenye ndoa.

Bibi akaacha kunyonyoa mabawa ya senene.

"Basi kopo hili linanijua," akasema. "Nina mume. Senene hawa ni zawadi ninayomwandalia. Na tangu nikiwa binti kama wewe naambiwa kwamba kwa mwanamke ni sumu, asithubutu kuwaonja."

Akachungulia nje. Babu alikuwa mbali, ndani ya migomba. Bibi akachota konzi nzima, akatia mdomoni, akatafuna polepole huku akiutazama mlango. Kisha akanijaza kiganja.

"Kula, mjukuu wangu. Mbwenu, sasa tuisubiri hiyo sumu."

Jana nilinunua pakiti mbili. Moja iliisha kabla sijapanda bodaboda.

Ile sumu bado naisubiri.