Chupa za Mama Masika

Niseme ukweli tangu mwanzo: kilichonitoa Butembo ni majivuno. Makala yangu ya kwanza, kuhusu maji ya chemchemi za Kalunguta na vijiji jirani, ilikuwa imechapishwa katika jarida la watafiti, na chuo kimoja cha Beni kikanialika niisome mbele ya watu. Nilipiga pasi shati mara mbili. Mke wangu akauliza kama naenda kuzungumzia maji au kuoa tena.

Saa moja asubuhi nilipanda moto, yaani pikipiki ya abiria, nimepakata kasha la chupa za kupimia maji nikawaonyeshe wasikilizaji. Chupa hizo maabara huzisafisha kwa mvuke mpaka kisibaki kijidudu, kisha huzifunga, na mtu hazifungui mpaka afike kwenye maji. Kule Kabasha barabara ilikuwa tope tupu. Kwenye kizuizi askari akataka kujua ninabeba nini, nikamwambia chupa zisizo na kitu. Akaniangalia kwa huruma, akaniacha nipite.

Saa nne nikashukia Kalunguta kwa Mama Masika, aliyenipa malazi wiki nzima wakati wa utafiti. Ukurasa wa makala yangu ulikuwa umebandikwa sebuleni kwake, kando ya picha ya Bikira Maria. Kifaransa changu wenyeji hawakukielewa vizuri, lakini mchoro waliuelewa: chemchemi yao ndiyo ilikuwa safi kuliko zote. Kichwa kikanivimba. Akaniandalia ugali wa muhogo na mboga za lenga-lenga, kisha akatoka uani. Nilipoinua macho kutoka kwenye sahani nikamwona anafungua chupa zangu moja moja na kuzisuuza kwa maji ya ndoo ya kunawia mikono.

Nikamuuliza anafanya nini.

"Ninakusukulia bachupa, Docteur, sawa vile nilifanya ile siku ingine," akasema. "Tangu Ebola, hakuna kitu inatoka mu nyumba yangu bila chlore. Mugeni hawezi kwenda na bachupa ya vumbi."

Nilianza kucheka, kisha nikakumbuka wiki ile ya utafiti. Klorini inayobaki ndani ya chupa huua vijidudu vya maji yatakayotiwa humo. Chupa za chemchemi nyingine hazikupitia mikononi mwake. Za Kalunguta zote zilipitia. Kumbe sikuwa nimepima chemchemi, nilikuwa nimepima usafi wa Mama Masika!

Nikauliza polepole kama bado wanachemsha maji ya kunywa. Akasema waliacha siku ile ile ukurasa ulipobandikwa, maana kuni ziko mbali. Wajukuu walikuwa wanaumwa matumbo tangu mvua zianze, lakini wao walilaumu mapera. Nikaona aibu mpaka masikio yakawaka.

Chupa mbili zilikuwa bado zimefungwa. Nikateka maji kwa mkono wangu, nikaendelea na safari.

Beni niliingia alasiri. Rafiki yangu, mwalimu wa biolojia, akanipa nafasi katika kisanduku chake cha joto, ambamo vijidudu hukua hadi vionekane kwa macho. Kesho yake, nusu saa kabla ya mkutano, tukakifungua. Visahani tulivyotia maji yale vilijaa vidoa vya buluu, alama ya vijidudu vya kinyesi. Rafiki yangu akanishauri nisome makala kama ilivyo, nirekebishe baadaye kimyakimya. Ushauri ulinivutia, sikatai. Lakini niliposimama mbele ya watu nikawa nayaona yale mapera tu. Nikawaeleza yote, na ndoo sikuiacha. Ukumbi ulicheka mpaka mzee mmoja wa mbele akavua miwani afute macho. Mwenyekiti akasema nipeleke masahihisho kwenye jarida, ila yatachukua miezi.

Kalunguta haikuwa na miezi ya kungoja. Mchana huohuo nikarudi kwa Mama Masika, nikamweleza.

"Donc, basi ni mimi niliharibisha kazi yako?"

"Hapana, mama. Ulifanya vile unafanyiaka mugeni. Ni mimi nilipokea bachupa bila kuuliza."

Akaubandua ukurasa ukutani, akaleta ubao na rangi nyekundu iliyobaki walipopaka mlango wa kapela, kikanisa chao. Akaamuru safari hii niandike Kiswahili, tena nitie jina langu, kama nilivyolitia kule kwenye jarida. Nikaandika: MAJI HAYA YACHEMSHWE. KAMBALE. Tangu siku hiyo, kabla ya kupima maji popote, nauliza kwanza wenyeji huyashikaje na huyatunzaje, hata kama swali lenyewe laonekana la kitoto.

Tulipokuwa tunaupigilia ubao misumari pale kwenye chemchemi, mwanamke mmoja akafika na bidoni yake ya kutekea maji. Akasoma. Akauliza kama huyu Kambale ndiye yule aliyesema maji ni safi. Nikajibu kwamba ndiye mimi. Akanipima kwa macho kuanzia viatuni.

"Basi kuja utubebee kuni," akasema.

Nikamfuata kilimani, na nilishuka na mzigo mara tatu kabla hajaniruhusu kurudi Butembo.